Kiti cha Gavana ama Kiti cha Seneta?

Mwaka huu katika nyumba zetu hapa Brussels, tangu Molenbeek hadi Schaerbeek na Anderlecht, limezungumzwa jambo moja kuliko mengine yote. Imetufikia barua kutoka Lamu, ya kijana wetu mmoja mwanasheria, ambaye ametia nia ya kugombea katika uchaguzi mkuu wa Kenya uliowekwa Jumanne, 10 Agosti 2027. Anatuomba dua, anatuomba rai, na, tusifichane, anatuomba mchango. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hajatangaza. Lakini barua yake ina jambo moja ambalo si la kawaida kwa watu wa siasa: hakusema anataka kiti gani. Amesema yu tayari kwa ugavana au kwa useneta, na angependa kusikia wazee na jamaa walioko nje wanaonaje.

Tangu siku hiyo tumegawanyika. Wako wasemao useneta ndio ukubwa, kwani hata Marekani baadhi ya marais wametokea Seneti. Wako wasemao useneta ni kiti cha maneno matupu, na kwamba gavana ndiye mwenye fedha, magari na walinzi. Akina mama, kama kawaida yao, wameuliza swali la maana zaidi: kipi kati ya viwili hivi kitakachomfaa mtu wa Pate anayeugua usiku na hana mashua? Wanaotunga kitabu hiki wameniomba niandike kurasa chache juu ya jambo hilo. Nimeitikia kwa sababu fedha zitakazotolewa ni za watu wanaoamka saa kumi za alfajiri kwenda kusafisha maofisi ya watu kabla ya treni za kwanza kujaa, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kujua anachokinunua.

Kwanza tuyaweke kando mambo ya hapa Ubelgiji, maana naona yanawachanganya vijana wetu waliosoma hapa. Ubelgiji ina mikoa 10, mitano upande wa Flanders na mitano upande wa Wallonia, na kila mkoa una gavana. Gavana huyo hapigiwi kura na raia. Huteuliwa na serikali ya jimbo, naye ni mtu wa utumishi zaidi kuliko wa siasa, anayeonekana penye mafuriko na penye sherehe. Sisi wa Brussels hatumo katika mkoa wowote tangu 1 Januari 1995, ulipogawanywa mkoa wa Brabant. Ama maseneta wa hapa, tangu mabadiliko ya mwaka 2014 wamekuwa 60 tu: 50 hutoka katika mabunge ya majimbo na ya jamii za lugha, na 10 huchaguliwa na wenzao. Raia hawapigii kura hata mmoja. Na serikali iliyoundwa Februari 2025 iliandika katika mapatano yake kwamba Seneti ifutwe kabisa. Kwa hiyo kijana wa hapa akisema "seneta hana kazi", anasema aliyoyaona kwa macho yake katika nchi hii, wala si ya Kenya.

Kwetu Pwani nako maneno haya yana historia. Wazee wetu walizaliwa chini ya maliwali, mamudiri na makadhi, na bado wako wanaomtaja Liwali Mbarak Ali Hinawy wa miaka ya 1940 na 1950. Baadaye wakaja wakuu wa mikoa walioletwa kutoka Nairobi, na mtu wa miaka ya 1970 hakosi kumkumbuka Eliud Mahihu. Liwali na mkuu wa mkoa walikuwa na sifa moja: hakuna aliyewapigia kura, na hakuna aliyeweza kuwatoa isipokuwa yule aliyewaweka. Desturi hiyo haijatutoka. Mpaka leo wapo watu wanaompelekea gavana ombi kama aliyekwenda kwa liwali, wakivua viatu mlangoni, ilhali huyo waliyemwendea wamemwajiri wao wenyewe kwa kura zao.

Na Seneti si kitu kipya. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na mabunge mawili, na Seneti ya wakati ule ilikuwa na watu 41. Spika wake alikuwa mtu wa Pwani, Muinga Chokwe. Kulikuwa pia na majimbo saba yenye mabunge yake. Daniel arap Moi alikuwa rais wa bunge la jimbo la Rift Valley kabla hajawa mengine yote tuliyomjua nayo. Majimbo yakavunjwa nguvu mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na mwishoni mwa 1966 ikapitishwa sheria ya kuiunganisha Seneti na bunge lile jingine. Hapo ndipo kila kitu kilipohamia Nairobi, hata kibali cha kuchimba kisima.

Katiba iliyotangazwa 27 Agosti 2010 ndiyo iliyovirudisha vitu hivi viwili, kwa sura mpya. Nchi ikagawanywa kaunti 47, na tarehe 4 Machi 2013 watu wakapiga kura ya kuwachagua magavana na maseneta siku moja, katika foleni moja. Kila kaunti ina gavana mmoja na seneta mmoja wa kuchaguliwa, na wote wawili huchaguliwa na wapiga kura wale wale. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kiti chake kina watu wengi zaidi kuliko cha mwenzake.

Tuanze na gavana. Huyu ndiye mkuu wa serikali ya kaunti. Anagombea pamoja na naibu wake, anateua mawaziri wa kaunti kwa idhini ya Bunge la Kaunti, na anasimamia kazi zilizotajwa katika Jedwali la Nne la Katiba: hospitali na zahanati za kaunti, kilimo na uvuvi, barabara za kaunti, masoko, maji na usafi, zimamoto, vivuko, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Tazameni vizuri orodha hiyo. Shule za msingi na sekondari hazimo, wala walimu wake; hao ni wa serikali kuu. Polisi hawamo. Mahakama ya kadhi haimo. Mara ngapi nimesikia hapa Brussels mtu akimlaumu gavana kwa mwalimu asiyefika darasani! Gavana hana hata karatasi moja ya kumwandikia mwalimu huyo.

Lakini katika yale aliyopewa, gavana ana nguvu hasa. Hospitali ya King Fahd pale Lamu iko chini ya kaunti. Dawa zikiwapo ni sifa yake, zisipokuwapo ni aibu yake. Mtu wa Faza au Kizingitini akihitaji kuvushwa usiku, mashua ya wagonjwa ni jambo la gavana wala si la rais. Hili ndilo jawabu la swali la akina mama, nami sitalipunguza: kwa mgonjwa wa usiku wa leo, gavana ndiye anayefaa.

Basi kuna haja gani ya seneta? Hapa nawaomba mnivumilie, maana hapa ndipo watu wengi wanapochoka kusikiliza.

Fedha za gavana hazioti. Kodi ya kaunti peke yake, hasa kaunti kama Lamu, haitoshi hata mishahara. Sehemu kubwa hutoka katika mapato ya taifa, na Katiba imesema kaunti zote kwa jumla zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato hayo, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Shilingi ngapi zigawiwe kaunti zote ni mashauri ya mabunge mawili. Namna ya kuzigawa kati ya kaunti na kaunti, yaani Lamu ipate ngapi na Nairobi ngapi, huamuliwa na Seneti, ambayo hupitisha kanuni ya ugawaji kila baada ya miaka mitano. Gavana ndiye apakuaye. Seneta ndiye apimaye mchele kabla haujaingia chunguni.

Na katika kupima huko kuna jambo ambalo kila mtu wa Lamu yampasa alijue kama ajuavyo jina la mtaa wake. Katika mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja katika Seneti. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 143,920 katika Lamu, idadi ndogo kuliko kaunti zote za nchi. Nairobi walikuwa 4,397,073. Katika Bunge la Taifa Lamu ina wabunge wawili wa majimbo na mwakilishi mmoja wa wanawake. Sauti zao ni kama tone baharini. Lakini siku ya kupiga kura ya kugawa fedha, seneta wa Lamu na seneta wa Nairobi wanasimama sawa kabisa. Hakuna mahali pengine katika nchi nzima ambapo mtu wa Amu ana uzito huo.

Mwaka 2020 uzito huo ulionekana. Ililetwa kanuni mpya iliyotaka idadi ya watu iwe na nguvu zaidi katika ugawaji, na kaunti kadhaa za Pwani na za kaskazini zingepunguziwa fedha zao. Maseneta walikutana wakaachana, wakakutana tena wakaachana, wiki baada ya wiki, na kaunti zikakaa zikingoja. Tarehe 17 Agosti 2020 maseneta watatu, Cleophas Malala, Christopher Langat na Steve Lelegwe, walikamatwa na polisi, na kikao cha siku hiyo kikageuka kuwa cha kuuliza wenzao wako wapi. Mwezi wa Septemba wakaafikiana: kanuni mpya ipite, lakini isianze kutumika mpaka fungu la kaunti zote liongezwe, ili pasiwe na kaunti itakayopoteza. Mwaka wa fedha wa 2021/22 fungu hilo likapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Magavana ndio waliozitumia fedha hizo na kukata utepe. Sijaona picha ya seneta hata mmoja katika sherehe hizo.

Huo ndio msiba wa kiti cha seneta. Hana zahanati ya kufungua. Hana hata ule mfuko wa maendeleo wa majimbo alio nao mbunge. Akienda matangani, watu wanamwuliza amewaletea nini, naye hana la kuonyesha ila kanuni ya ugawaji, na kanuni hailiwi. Kazi yake nyingine ni kukagua namna kaunti zinavyotumia fedha zilizotoka serikali kuu, yaani kumwita gavana mbele ya kamati na kumwuliza risiti. Hebu fikirini ugumu wake: mtu na gavana wake wametoka mji mmoja, pengine ni mtu na binamu yake, pengine wamechanga pamoja harusi, halafu wanakutana Nairobi mmoja akimhoji mwingine mbele ya kamera.

Tena Seneti ndiyo mahakama ya magavana. Bunge la Kaunti likipitisha hoja ya kumwondoa gavana, Seneti ndiyo inayoamua. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza kupelekwa huko, mwaka 2014. Seneti ikamwondoa, mahakama zikamrudisha, na watu wa Embu wakamchagua tena mwaka 2017. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020. Mike Sonko ana kisa chake pekee. Alikuwa seneta wa Nairobi kuanzia 2013, akaona kiti hakimtoshi, akagombea ugavana mwaka 2017 akaupata, na Desemba 2020 akaondolewa na Seneti ile ile aliyoiacha. Kawira Mwangaza wa Meru alifika mbele yake zaidi ya mara moja, na Agosti 2024 ikapiga kura ya kumwondoa.

Sasa nije Mombasa, maana huko ndiko kulikotokea mfano ulio karibu zaidi na swali letu. Mwaka 2013 walijitokeza vijana wawili, wote Hassan, wote wasemaji. Hassan Ali Joho, aliyekuwa mbunge wa Kisauni, akataka ugavana. Hassan Omar Hassan, mwanasheria aliyepata kuwa makamu wa mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, akataka useneta. Kila mmoja akapata alichotaka, na kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa amechagua kilichomfaa. Joho ni mtu wa mikutano mikubwa, wa kujenga kundi na kulitunza. Omar ni mtu wa hoja, aliyezoea kusimama mbele ya wenye nguvu na katiba mkononi.

Mwaka 2017 Omar akakiacha kiti cha Seneti, akagombea ugavana dhidi ya Joho. Akashindwa, na kiti alichokiacha akakitwaa Mohamed Faki. Mwaka 2022, Joho alipokuwa amemaliza vipindi vyake viwili, Omar akajaribu ugavana tena kwa tiketi ya chama cha UDA. Kura ya gavana wa Mombasa ikaahirishwa kwa sababu karatasi za kupigia kura zilikosewa, ikapigwa 29 Agosti badala ya 9 Agosti, na Abdulswamad Nassir, mwana wa Shariff Nassir, akashinda. Faki akabaki Seneti. Mwishoni mwa mwaka huo Omar akachaguliwa kwenda Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha. Sisemi alikosea kuutaka ugavana. Kila mtu ana haki ya kutamani. Nasema Mombasa ilimpoteza katika Seneti mtu aliyekuwa akiifahamu kazi hiyo, na alikuwa hajafanya ila kipindi kimoja.

Hawi yeye peke yake. Katika Kenya nzima useneta umegeuzwa ukumbi wa kungojea. James Orengo wa Siaya na Mutula Kilonzo mdogo wa Makueni walikaa Seneti vipindi viwili kila mmoja, kisha mwaka 2022 wakawa magavana. Anyang' Nyong'o wa Kisumu na Kiraitu Murungi wa Meru walihama baada ya kipindi kimoja tu. Kenneth Lusaka wa Bungoma alikwenda akarudi: gavana mwaka 2013, akashindwa mwaka 2017, akawa Spika wa Seneti, kisha mwaka 2022 akarejea ugavana. Wako pia waliokwenda kinyume. Ali Roba wa Mandera na Jackson Mandago wa Uasin Gishu walimaliza vipindi viwili vya ugavana wakachaguliwa maseneta mwaka 2022. Na Amason Kingi, baada ya vipindi viwili vya ugavana wa Kilifi, akawa Spika wa Seneti mwaka huo huo, mtu wa Pwani kwenye kiti alichokikalia Muinga Chokwe zamani. Mie njia hii ya pili ndiyo inayonipendeza. Mtu aliyekwisha kupakua anajua chungu kinahitaji mchele kiasi gani.

Iko tofauti nyingine ambayo haizungumzwi sana. Gavana ana vipindi viwili tu, basi. Seneta hana kikomo maadamu watu wanamtaka. Stewart Madzayo wa Kilifi alichaguliwa seneta mwaka 2013, 2017 na 2022. Mwanasheria wa miaka 38 akiingia ugavana na akafaulu, akifika 48 amemaliza, na ndipo huanza yale mahangaiko ya kutafuta uwaziri au ubalozi.

Turudi Lamu. Mambo makubwa yaliyoisumbua Lamu katika miaka hii hayakuwa mikononi mwa gavana yeyote. Bandari mpya upande wa Manda ni ya taifa. Gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 na Rais Uhuru Kenyatta. Wavuvi walioharibiwa mahali pao pa kuvua walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulisimamishwa Juni 2019 na baraza la kitaifa la mazingira baada ya wananchi kushitaki. Usalama wa Boni, hati za ardhi, amri za kutotoka usiku, yote hayo huamuliwa Nairobi. Hata Mombasa, iliyo na watu zaidi ya milioni moja na gavana mwenye sauti, ilishindwa kuizuia serikali isihamishe shehena za bandarini kwa reli hadi Nairobi. Mahakama ilisema Novemba 2020 kwamba amri ile haikuwa halali, na shughuli za kutoa mizigo hazikurudishwa rasmi mpaka Septemba 2022, alipoapishwa rais mpya. Ikiwa Mombasa haikuweza, Lamu itaweza kwa gavana peke yake?

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kijana wetu agombee useneta. Ni mwanasheria, anapenda kusoma, na kwa tunavyomjua hana moyo wa kusema "hapana" kwa jamaa. Sifa hiyo ya mwisho ni njema barazani lakini ni sumu katika ofisi ya gavana. Gavana wa kaunti yenye wadi 10 anajuana na kila mtu. Kila mkandarasi ni shemeji, kila muuguzi anayetaka uhamisho ni mtoto wa mwalimu wake wa chuoni. Na sisi wenyewe tusijitoe. Miongoni mwa walioahidi kuchanga hapa, nimeshasikia mmoja akiuliza zabuni ya samani za ofisi hutolewa vipi. Alikuwa akifanya mzaha, lakini mzaha wenyewe aliurudia mara mbili.

Wako watakaonijibu kwamba seneta mwema bila gavana mwema ni kujaza pipa lililotoboka. Ni kweli, sina la kuwapinga. Lakini kwa ugavana wa Lamu hawakosekani watu. Issa Timamy na Fahim Twaha wamepokezana kiti hicho tangu 2013, na mwaka 2027 watajitokeza wengine. Kwa useneta hujitokeza zaidi wale waliokosa nafasi ya ugavana. Napenda kwa mara moja aende mtu aliyekitaka kiti chenyewe.

Jamaa zetu wa Goma na Bukavu waliooana nasi wameniambia niongeze neno la Kongo. Kwa katiba ya 2006, huko magavana na maseneta wote huchaguliwa na wabunge wa mkoa, si na raia moja kwa moja, kwa hiyo wanaoshawishiwa ni watu wachache tu ukumbini. Na kwa Kivu Kaskazini na Ituri hata hilo lilisita: tangu Mei 2021 waliwekwa magavana wa kijeshi chini ya hali ya dharura, na mmoja wao, Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa karibu na Goma Januari 2025, siku chache kabla mji haujaangukia mikononi mwa M23. Mkwe wetu mmoja aliniambia: nyinyi mnabishana kiti kipi, sisi twatafuta meza. Sikuwa na jibu la kumpa.

Limebaki jambo la sheria, nalo linawahusu vijana waliozaliwa au kukulia hapa, maana wawili watatu wameanza kusema kwamba siku moja nao watagombea. Kura yetu sisi wa Ubelgiji haimo katika jambo hili. Wakenya walioko nje huruhusiwa kumpigia kura rais tu, wala si gavana wala seneta, na mwaka 2022 vituo viliwekwa katika nchi 12. Ubelgiji haikuwamo, aliyetaka kupiga kura ilimbidi aende nchi nyingine. Ama kugombea, kifungu cha 78 cha Katiba kinamkataza afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili. Imeachwa nafasi kwa yule aliyefanywa raia wa nchi nyingine na sheria ya nchi hiyo bila ya yeye kuwa na uwezo wa kukataa. Wakili ndiye wa kuulizwa nani anaingia katika nafasi hiyo. Tena mgombea, awe wa ugavana au useneta, sharti awe raia wa Kenya kwa miaka 10 kabla ya uchaguzi. Aliyerudishiwa uraia wake mwaka 2019, kwa mfano, ajihesabie mwenyewe kabla ya kuchapisha picha. Na anayetaka ugavana ajue kwamba lazima awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa Kenya. Wenye vyeti vya hapa wapeleke mapema karatasi zao kuthibitishwa, maana ofisi za huko hazina haraka.

Barua ya kujibu Lamu itaandikwa baada ya mkutano wa jamaa wote. Mwenye rai tofauti na hii aje nayo. Kikapu cha mchango hakitapitishwa siku hiyo, mpaka kijana mwenyewe atuandikie kiti gani alichokichagua.